Msumeno wa Mahari ya Vumilia

Mhunze, Kishapu
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Sostenes,

Salamu za hapa ni nzuri, ukiacha jua. Mama anatembea na fimbo moja sasa, ile ya pili amemtupia mbuzi na hajaifuata. Baba Vumilia mzima, anasubiri mvua kama sisi sote na anailaumu redio. Nasikia Dorika wako amefungua genge hapo Kalangalala. Mpe pole, maana najua nani atakuwa anakula nyanya za mtaji.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii si ya mtu. Ikilia tu inawekwa sauti ya juu, ukoo mzima unakaa kuizunguka, na kila mmoja anajibu swali ambalo hakuulizwa. Barua naipa kondakta wa basi, naye hajui kusoma mwandiko wangu. Tena kuna sababu nyingine, utaicheka.

Watu wa Eliya, kijana wako wa kazi, wamekuja kumposa Vumilia. Tumewatajia ng'ombe kumi na wawili. Wamesema wanao kumi, na badala ya wale wawili wataleta msumeno wa mnyororo, ile chenso mnayokatia miti huko. Nilidhani shemeji yangu Mzee Maige, ambaye ndiye msemaji wa ukoo kwenye mahari, angewafukuza. Kumbe alifurahi. Anasema ng'ombe anakufa kwa ukame lakini chuma hakiugui. Ila hataki kuletewa mzoga wa chuma, kwa hiyo kikao kimeamua wewe, mtaalamu wa ukoo, uandike ripoti ya kulinganisha mashine hizo. Itasomwa mbele ya wazee. Andika vizuri, maana miaka ishirini umekuwa ukituambia kwamba Geita nzima hakuna anayejua chenso kukuzidi wewe, na safari hii tumekuamini.

Kuna jambo dogo. Huyo Eliya ndiye ulisema mwezi wa nane amejikata vidole viwili kwa kuongea na simu huku mashine inanguruma, tena simu yenyewe ya mwanangu. Hapa wameshampa jina, wanamwita Haloo. Wewe unamwonaje kijana huyo?

Dada yako,
Scolastika


Kalangalala, Geita
27 Oktoba 2024

Shikamoo dada, Mama Vumilia.

Barua yako nimeikuta kwa Dorika ina wiki mbili. Nilikuwa msituni, kwenye lile shamba la mikaratusi tunakokata matimba, yale magogo ya kushikilia maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Kule mtandao hakuna kabisa. Tangu tumeanza kukata mwezi wa saba sijawahi kuona simu ya mtu ikiita kule, hata matangazo ya kampuni za simu hayafiki, na hiyo ndiyo raha pekee ya kazi yangu. Dorika anawasalimu. Nyanya sijala, zimeoza zenyewe. Mwambie mama nitaleta fimbo nyingine Krismasi, ya mninga, ambayo hata mbuzi ataiheshimu.

Sasa ripoti. Wasomee polepole, maana Mzee Maige akiona injini anafikiri ni mashine ya kusaga.

Wazee wangu, chenso za kazi ziko za aina tatu. Ya kwanza ni kubwa ya Mjerumani, injini ya cc sabini na mbili, ubapa wa inchi ishirini na tano, ile sahani ndefu inayozungukwa na mnyororo. Hiyo ndiyo ya kuangusha mti wa maana. Ina uzito, mtu aliyeshiba vibaya haiwezi, lakini ikiingia kwenye gogo haisiti. Mwili wake ni wa chuma chepesi, vipuri vinapatikana, na fundi yeyote wa Geita anaijua hata akiwa amefumba macho. Ya pili ni ya Mswidi, cc hamsini, ubapa inchi kumi na nane. Nyepesi, inawaka kwa mvuto mmoja wa kamba, nzuri kwa kupogoa matawi, kukata kuni na kazi zote za kawaida za nyumbani. Wanaume wengine tunaiita ya wanawake, kisha siku mgongo ukiuma tunaiazima. Ya tatu ni zile za jina la kubandika. Stika inang'aa, sanduku zuri, dukani inawaka kama malaika. Mpe mti mmoja mgumu, stika inabaki na mashine inakwenda zake.

Ushauri wa mtaalamu ni huu: mdai ile kubwa ya Mjerumani. Hata siku moja msikubali ndogo. Ukoo wetu si wa kuni.

Kuhusu vidole vya Eliya nilishasema na sirudii. Kijana ni mchapakazi. Kasoro yake ni simu tu.

Mdogo wako,
Sostenes, Mtaalamu


Mhunze
17 Novemba 2024

Sostenes,

Marahaba. Mvua imenyesha siku mbili, tumepanda mtama, imekata. Mama anauliza hiyo fimbo ya mninga ina kibali au utamletea polisi.

Ripoti yako imesomwa. Nilisimama mimi kuisoma kwa sababu miwani ya Mzee Maige ina kioo kimoja. Wazee waliisikiliza kwa heshima kuliko wanavyosikiliza mahubiri, kisha wakaanza kuuliza maswali kama wako mnadani. Mmoja ameuliza chenso inakula kiasi gani kwa siku. Mwingine ameuliza meno yake yanaonyesha umri, kama ya ng'ombe. Mzee Maige mwenyewe anataka kujua ikifa kabla ya mwaka, je, watu wa Eliya wataleta nyingine au watatuambia tule nyama. Nimeandika yote, utajibu.

Baada ya hapo nilikaa nikaisoma tena peke yangu. Hapa Mhunze tuna migunga na miiba, Sostenes. Mti mnene kuliko yote ni ule wa uani kwa katekista, nao ni wa kanisa. Hiyo mashine ya inchi ishirini na tano tutaangushia nini, mabua ya mtama? Hapo nikakumbuka kwamba kwenye mahari ya Vumilia kuna fungu la mjomba, na mjomba ni wewe. Ng'ombe wa mjomba atageuka chenso, na chenso itapanda basi kurudi Geita. Mtaalamu amejipimia nguo mwenyewe. Sijawaambia wazee, ila nimecheka mpaka Baba Vumilia akaniuliza kama nimeugua.

Sasa lile jambo dogo, ambalo si dogo. Vumilia hacheki. Nilimwuliza kama anampenda Eliya au la. Akanijibu, "Mama, mimi ndiye niliyemkata." Anaamini kwamba simu yake ndiyo iliyomfanya yule kijana akose vidole, na kwa hiyo lazima amtunze maisha yake yote. Mimi nilimzaa aolewe, sikumzaa alipe fidia. Tangu alipokuja hapo kwako kumsaidia Dorika alipojifungua, akakutana na Eliya, alikuwa akimtaja anatabasamu. Sasa akimtaja anainama. Sijui kama upendo bado uko chini ya huo mzigo, na yeye mwenyewe hajui.

Wewe ulikuwepo. Niandikie siku ile ilikuwaje, kuanzia asubuhi.

Scolastika


Kalangalala
8 Desemba 2024

Shikamoo dada.

Nimechelewa tena, samahani, kazi. Tumepeleka matimba Segese mara tatu na gari limetuharibikia mara nne. Mtoto ameota meno mawili na ameshaning'ata. Dorika amenunua mizani mpya, anasema ile ya zamani ilikuwa inanipendelea mimi.

Wajibu wazee hivi. Chenso inakula petroli iliyochanganywa na oili, na ile kubwa inakula kama mgeni wa mazishi. Meno yake hayaonyeshi umri, yanaonyesha mwenye mashine: mvivu wa kupiga tupa utamjua, vumbi linalotoka ni unga badala ya vipande. Ikifa kabla ya mwaka watu wa Eliya hawatajwi tena, atatajwa aliyeitumia bila kuchanganya oili, na kwa jinsi ninavyomjua Mzee Maige atakuwa yeye.

Kuhusu fungu la mjomba, sawa, umenikamata. Mwanamume akitamani chuma si dhambi. Chukueni hiyo ya Mswidi, inawatosha kabisa, na ni nyepesi hata Vumilia ataishika.

Lakini dada, sikiliza hili. Mashine ikifika, kabla hamjamshukuru mtu, angalieni kinga ya mbele. Ni kile kipande kama kiganja kilichosimama mbele ya mshikio wa mkono wa kushoto. Kinauzuia mkono usiteleze mbele kwenye mnyororo, na mashine ikipiga teke kuja kwako, kinasukumwa na mkono, breki inashika, mnyororo unasimama hapohapo. Kuna mafundi wanakiondoa kwa sababu kinajifunga ovyo kikizeeka na kinachelewesha kazi. Ikija haina, irudisheni. Wakisema si muhimu, irudisheni. Wakisema mtaalamu wa Geita naye anatumia isiyo nayo, msimsikilize huyo mtaalamu. Hata kama mahari itachelewa mwaka, irudisheni.

Fimbo ya mama ni ya mwarobaini, mninga nimeacha.

Siku ile ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine.

Sostenes


Mhunze
15 Desemba 2024

Sostenes,

Marahaba. Sote wazima.

Nilikuomba siku nzima kuanzia asubuhi, umenipa mstari mmoja. Kuhusu kinga ya mbele, ambayo hakuna aliyekuuliza, umenipa nusu ukurasa.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga mezani. Kwenye ya mwezi wa kumi umeandika kwa mkono wako kwamba huko mnakokata matimba hujawahi kuona simu ya mtu ikiita tangu mwezi wa saba. Eliya alikatwa mwezi wa nane, hukohuko. Basi simu ya mwanangu ilipitia wapi?

Nimemwuliza Vumilia bila kumwambia kwa nini. Anasema asubuhi ile alipiga mara nne na mara zote aliambiwa mteja hapatikani. Lakini mjomba wake alisema iliita, basi akaamini mjomba kuliko masikio yake. Miezi minne, Sostenes. Amekonda mpaka nimemrudishia gauni lake la kipaimara.

Kikao cha mahari ni Jumamosi, tarehe nne Januari. Watu wa Eliya watakuja na ng'ombe kumi na mashine. Sitaki fimbo, sitaki ripoti. Nataka siku ile.

Dada yako bado,
Scolastika


Kalangalala
29 Desemba 2024

Dada Scolastika, shikamoo.

Krismasi sikuja, na unajua kwa nini. Nimeanza barua hii mara tatu, mbili Dorika amezifungia dagaa.

Ilikuwa Jumatano. Mashine ile ilikuwa yangu, ile kubwa ninayoisifu. Kinga ya mbele niliiondoa mwenyewe mwezi wa sita kwa sababu ilikuwa inajifunga kila baada ya dakika tano, na mimi nalipwa kwa idadi ya magogo. Kuinunua mpya ilikuwa safari ya mjini ya siku moja. Niliona siku moja ni nyingi.

Eliya alikuwa anatumia ile ndogo, mnyororo wake ukakatika. Nikampa yangu. Aliiangalia akaniuliza kinga iko wapi. Nikamwambia hiyo ni ya watoto, wanaume wanashika vizuri. Vijana wote walicheka, naye akaona aibu, akaichukua. Ncha ya ubapa iligusa gogo lililolala nyuma ya lile analokata, mashine ikaruka, mkono wa kushoto ukateleza mbele. Hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Hakuwa anaongea na simu. Simu yake ilikuwa kambini, ndani ya ndoo ya unga.

Tulipofika hospitali msimamizi wa shamba akauliza imekuwaje. Mimi ndiye kiongozi wa kundi, ningefukuzwa. Nikasema kijana alikuwa kwenye simu. Nilipofika nyumbani Dorika akauliza simu ya nani, nikasema ya nani tena kama si ya Vumilia, unajua vijana. Nilikuwa natania, dada. Mzaha ukafika Mhunze kabla yangu. Nikasikia mnacheka, nikaona mambo yamekwisha salama, kumbe mtoto alikuwa ameumeza mzima mzima.

Eliya hakuwahi kunibishia. Nilimfuata wodini nikamwambia atulie, kwamba mimi ni mjomba wa yule binti na neno langu ndilo litakalopitisha ndoa. Alinitazama, akaitikia.

Isome barua hii mbele ya wazee wote, na jina langu usiliruke. Msimamizi nimemwambia jana. Mashine nimeiacha kwake na kazi pia. Nakuomba jambo moja tu: msimnyime kijana mke kwa kosa langu. Mumwondolee lile jina la Haloo, mumpe Vumilia, na hiyo chenso waende nayo wakaanzie maisha. Fungu la mjomba silitaki.

Namwonea aibu Vumilia, mtoto wangu mwenyewe. Sijui nimwambie nini.

Sostenes


Mhunze
12 Januari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, mtama umeota vizuri upande wa bondeni.

Barua yako nimeisoma kama ulivyotaka, sikuruka kitu. Watu wa Eliya walikuwa wamekaa upande wao, ng'ombe kumi wamefungwa nje, na hiyo mashine ya Mswidi imewekwa juu ya mkeka katikati, imefunikwa kitambaa cha maua kama bibi harusi. Mzee Maige alikuwa ameshainusa na kuigonga mara mbili. Nilimaliza kusoma. Baba Vumilia alitoka nje, akakaa na ng'ombe.

Kisha wazee wakazungumza, na hapo ndipo utakapowacheka, ukiweza. Walikubaliana haraka kuliko walivyowahi kukubaliana katika maisha yao. Wakasema kijana ametakasika, jina la Haloo limefutwa, mjomba atatozwa faini ya ng'ombe wawili, na ndoa iendelee. Mzee Maige akauliza kama sasa chenso ihesabiwe kwenye mahari au kwenye faini. Wakaanza kubishana hilo, kwa sauti, na mmoja akapendekeza uandikiwe barua ya kuombwa ushauri wa kitaalamu.

Hakuna aliyemwuliza Vumilia. Alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa choroko anazochagua, nami nilimwona mikono imesimama. Akainuka, akapita katikati ya wazee, akasimama mbele ya Eliya. Hakupaza sauti.

"Wewe ulijua sikukupigia," akamwambia. "Uliniacha nalia miezi mitano."

Eliya akasema aliogopa. Akasema mjomba alimwambia anyamaze la sivyo atamkosa.

"Ungeniambia, ningeolewa na wewe hata kama ungekosa mkono mzima," Vumilia akasema. "Mjomba alidanganya aokoe kazi yake. Wewe ulinyamaza ili nisiweze kukataa."

Akarudi kwenye choroko zake. Mzee Maige akamwambia mahari haivunjwi na mtoto wa kike mbele ya watu. Baba Vumilia, ambaye tangu nimeolewa naye hajawahi kumpinga kaka yake hata kuhusu chumvi, akasema kutoka nje kwamba imeshavunjwa. Akawafungulia ng'ombe mwenyewe, akawasindikiza mpaka barabarani. Yule kijana alikuwa analia, Sostenes. Mashine aliibeba kwa ule mkono wenye vidole vitatu, na nilimhurumia sana, siwezi kukuficha. Aliumizwa na wewe, kisha wewe huyohuyo ukamfundisha njia ya kumkosa aliyempenda.

Ulidhani ukisema kweli mambo yatarudi yalivyokuwa na utasamehewa kwa bei ya ng'ombe wawili. Faini hiyo wazee wameiacha baada ya posa kuvunjika, ila mimi sijaiacha. Hao ng'ombe wawili utampelekea Eliya, kwao, mchana, watu wakiona, na utasema mbele ya vijana wale waliocheka kwamba kinga uliiondoa wewe. Ukimaliza hilo ndipo uje hapa. Usije na fimbo wala na utani. Vumilia amesema atakusalimia kwa sababu wewe ni mjomba wake, lakini hajui atakusamehe lini, na mimi sitamharakisha.

Nikwambie kitu kimoja kisha nifunge, kondakta anapiga honi. Tangu mwezi wa nane mwanangu hakuwahi kumpigia mtu simu. Akiwa na shida alisubiri apigiwe, au alitembea kwa miguu mpaka kwa mtu. Nilidhani anabana vocha. Jana asubuhi nilikuwa shambani, simu ikalia mfukoni, ni yeye, yuko sokoni, ananiuliza kama ninunuliwe dagaa wa fungu kubwa au dogo. Nilimwambia achukue lolote, kisha nikakaa chini kwenye mtama nikalia.

Dada yako,
Scolastika